Kuku hatagi kwa semina: mhudumu wa afya na umaskini wa kijiji chake

Swali

Mimi ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii katika kijiji cha pwani, wilaya ya Bagamoyo. Napita nyumba kwa nyumba kwa habari ya kliniki, lishe, vyoo na vyandarua. Akina mama wengi huku wanalima mwani, wengine wanakaanga samaki dikoni, pale mashua zinaposhusha samaki. Nikiwaambia mtoto apate yai na tunda, wananitazama tu. Mmoja alinijibu, "Mwanangu, maneno yako matamu, ila yalete na nazi yake." Kwenye semina tunaambiwa mhamasishaji wa afya ana nafasi ya kupunguza umaskini kupitia sera. Mimi naona sera zinatungwa Dodoma, nami niko huku na daftari langu. Nafasi hiyo ni ipi hasa?

Jibu

Dada, huyo mama hakukutukana. Amekupa takwimu kwa lugha ya jikoni. Utafiti wa mapato na matumizi ya kaya wa 2017/18 ulikadiria kuwa mtu mzima mmoja Tanzania Bara anahitaji Sh 49,320 kwa mwezi ili apate mahitaji ya msingi, na katika hizo Sh 33,748 ni za chakula peke yake. Watu 26 katika kila 100 walikuwa chini ya kiwango cha kwanza, na 8 katika 100 hawakufika hata kile cha chakula. Bei za leo hatujazigusa. Kaya iliyo chini ya hapo unaweza kuihubiria faida za yai toka Mfunguo Mosi mpaka Ramadhani irudi. Kuku hatagi kwa semina.

Sasa hilo neno sera. Semina zimelikuza mpaka linaonekana kama jengo lenye geti na askari. Sera ni uamuzi wa hadhara unaosema nani alipe na nani asilipe, fedha ya wote iende wapi, huduma itolewe wapi, siku gani na saa ngapi. Kwa maana hiyo kijiji chako kinatunga sera kila mara. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya 1982 imekipa kijiji mkutano mkuu wa wakazi wote waliofikisha miaka 18, halmashauri ya kijiji, kamati zake, na mamlaka ya kutunga sheria ndogo. Watu wa afya duniani waliandika mwaka 1986 kule Ottawa kwamba sera ya umma ni kazi ya kwanza ya uhamasishaji wa afya. Kwetu jambo hilo halikuwa geni: ujinga, maradhi na umaskini vilitajwa pamoja tangu uhuru, na kampeni ya Mtu ni Afya ya 1973 iliwakusanya watu wapatao milioni mbili kuzunguka redio, wakatoka hapo kwenda kuchimba vyoo.

Kazi yako ya sera dhidi ya umaskini ina sehemu mbili, na hazilingani. Ile kubwa ni kuzifikisha kwa watu haki ambazo tayari zimeandikwa. Ile ndogo ni kubadili maamuzi ya hapo hapo kijijini ambayo yanamtoa maskini fedha au siku ya kazi bila sababu. Kuitisha sheria mpya Dodoma kuna wenyewe, na wewe huko si kwa kuanzia.

Daftari kwanza

Daftari lako la kutembelea kaya lina majina, umri, uzito, chandarua, choo. Halina gharama. Ongeza safu tatu kwa penseli, pembeni: nauli, dawa na malipo, siku za kazi zilizopotea. Usianze na kijiji kizima, utachoka wiki ya pili. Chukua kaya 20 zenye watoto wadogo, uulize kila unapopita kwa miezi mitatu: tangu nilipokuja mara ya mwisho, nani aliugua, mlikwenda wapi, mlitoa shilingi ngapi, nani alikosa kazi na kwa siku ngapi?

Tuseme mtoto wa miaka miwili aliharisha. Bodaboda kwenda na kurudi Sh 4,000, dawa Sh 6,000, mama akakosa siku tatu za kazi. Ukiandika "kuharisha: 1" utakuwa umepeleka takwimu ya ugonjwa. Ukiandika na zile Sh 10,000 na siku tatu, umepeleka takwimu ya umaskini. Na itazame vizuri ile Sh 6,000. Mtoto wa chini ya miaka mitano anatibiwa bure kwenye kituo cha serikali. Kwa nini dawa ilinunuliwa dukani? Ama zahanati haikuwa na dawa, ama mama alikatishwa tamaa na foleni akapitia dukani moja kwa moja, ama hakujua kuwa ni bure. Kila jibu lina mlango wake wa kugonga, kwa hiyo uliza mpaka ujue ni lipi.

Siri ya mgonjwa usiicheze. Unapojumlisha, toa jumla ya kijiji au ya vitongoji viwili vitatu pamoja. Ukisema "kitongoji fulani kuna kaya moja yenye kifua kikuu" kwenye kitongoji cha nyumba 50, jina umeshalitaja hata kama hukulitamka.

Haki ambazo zimekwisha kuandikwa

Msamaha wa malipo ndio unaopotea zaidi. Sera ya Afya ya 2007 inawasamehe wajawazito, watoto wa chini ya miaka mitano, wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo, na wagonjwa wa kifua kikuu, ukoma na Virusi vya Ukimwi kwa magonjwa hayo. Nje ya makundi hayo, asiye na uwezo kabisa anaweza kusamehewa kwa kupitia afisa ustawi wa jamii. Kwa karatasi ni rahisi: barua ya mtendaji wa kijiji kuthibitisha hali ya mtu, kisha ustawi wa jamii, kisha dirishani. Kinachoharibu ni wakati. Watu huanza kuitafuta barua hiyo mgonjwa akiwa tayari kitandani, mtendaji yuko wilayani kwenye kikao, na muhuri uko kwenye mkoba wake. Zungumza na mtendaji wazee wasio na uwezo waorodheshwe mapema, orodha isomwe na kupitishwa kwenye mkutano mkuu wa kijiji ili isije ikawa ya ndugu na marafiki, na kila mzee apewe barua yake akae nayo. Kazi yote hiyo inakula mchana mmoja wa mkutano na bunda moja la karatasi.

TASAF, Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, unaijua. Mpango wake wa kunusuru kaya maskini umekuwa ukizitambua kaya kupitia mkutano wa kijiji, na sehemu ya ruzuku inafungamana na watoto kuhudhuria kliniki na shule. Wewe huandikishi kaya, wala usimwahidi mtu jina, kwani uandikishaji haufunguliwi kila siku. Unachoweza ni kuhakikisha kaya iliyomo haikatwi kwa kukosa kliniki ambayo haikuwa rahisi kuhudhuria. Nitalirudia hili.

Mikopo ya asilimia 10: halmashauri zinatakiwa kisheria kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, yaani 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa 2023, ikarejeshwa 2024 kwa utaratibu mpya, kwa hiyo masharti ya kikundi yachukue kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata, usitegemee kumbukumbu za miaka ya nyuma. Vikundi vyako vya kupika uji wa lishe na vya kuweka akiba vinaweza kuomba. Tahadhari moja: mkopo ni deni. Mama ambaye mwani wake unaoza kwa joto la maji, au bei imeshuka, ukimsukuma kwenye mkopo umemwongezea umaskini kwa nia njema. Kikundi kiwe kimeshakuwa na biashara inayozunguka, hata ndogo, kabla ya kuomba.

Kuna na fedha ya lishe ambayo watu wachache vijijini wanaijua. Chini ya mkataba wa lishe, halmashauri zinatakiwa kutenga Sh 1,000 kwa kila mtoto wa chini ya miaka mitano kwa mwaka. Halmashauri yenye watoto 20,000 ni Sh milioni 20. Kwa mtoto mmoja hiyo si fedha ya mayai, tusidanganyane, ila inatosha kuleta mizani inayofanya kazi, vibao vya kupimia urefu, na Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji kila robo mwaka yenye mapishi ya kuonekana, si hotuba. Hapa huwa panaharibika namna mbili. Fedha inatengwa kwenye kitabu lakini haitoki, au inatoka mwishoni kabisa, Mei na Juni, ikaishia kwenye mafuta ya gari na semina za siku mbili. Ndiyo maana swali la kumpa diwani wako lisiwe "mmetenga?" Muulize: "Robo iliyopita zimetoka ngapi, na zimenunua nini?" Swali la kwanza linajibiwa kwa ndiyo. La pili linahitaji karatasi.

Bima ya afya kwa wote ina sheria tangu 2023, nayo imeweka mfuko wa kugharamia wasio na uwezo. Kumtambua asiye na uwezo hakuwezi kufanyika bila taarifa za kijijini, kwa hiyo orodha safi utakayokuwa umeitengeneza kwa ajili ya msamaha itafaa na huko.

Mengineyo ni makaburi

Wahudumu wengi wa afya wanasema jambo zuri mahali pabaya. Tazama ajenda za kikao chochote cha kijiji: kufungua kikao, kusoma na kuthibitisha muhtasari uliopita, yatokanayo, ajenda mbili tatu zenye majina, halafu mengineyo, kufunga. Ukinyoosha mkono kwenye mengineyo ni saa nane mchana, jua limekaza, watu wanaangalia mlango, na katibu ameshafunga kalamu. Hoja yako itaandikwa "mhudumu wa afya alisisitiza usafi". Kikao kijacho haitasomwa kwenye yatokanayo, kwa sababu hakuna kilichotokana nayo.

Hoja inayotaka kuishi inapelekwa kwa mtendaji kwa maandishi, walau siku saba kabla, ikiomba iwe ajenda yenye namba. Karatasi moja tu, nakala mbili: moja anabaki nayo, nyingine anaigonga muhuri na tarehe ya kupokea, unaiweka kwenye daftari. Pitia kwanza kwa mganga mfawidhi wako asije akalisikia jambo la zahanati yake mbele ya watu, na kwa mwenyekiti wa kamati ya huduma za jamii ya kijiji, maana yeye ndiye atakayeiwasilisha. Ni bora aiseme mjumbe kuliko wewe. Wewe utaulizwa takwimu.

Kuna na majira yake. Mwaka wa fedha unaanza Julai mosi. Kwa kawaida mipango ya vijiji na vituo vya afya inakusanywa kati ya Septemba na Desemba, inapita Kamati ya Maendeleo ya Kata anayoiongoza diwani, halafu inakwenda wilayani, na kufikia Februari au Machi kitabu cha halmashauri kimeshafungwa. Aprili mpaka Juni Bunge linajadili bajeti, redio zinaongea bajeti, na hapo ndipo wengi hukumbuka kuomba. Wamechelewa mwaka mzima. Kwa hiyo kusanya takwimu Julai hadi Septemba, kikao cha kijiji Oktoba, kata Novemba. Jambo lisilohitaji fedha linaweza kwenda mwezi wowote.

Usiisahau kamati ya usimamizi wa zahanati. Tangu 2017/18 fedha za ruzuku ya afya zimekuwa zikiingia moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo, na matumizi yake yanapitia kamati hiyo yenye wajumbe wa jamii. Ule ukosefu wa dawa ulioonekana kwenye safu yako ya Sh 6,000, mlango wake wa kwanza ni hapo, kabla ya kumfuata diwani.

Mfano: kliniki na bamvua

Hili ni jambo la pwani yenu, na halihitaji senti tano. Mwani unashughulikiwa maji yakitoka. Maji yanatoka sana wakati wa bamvua, siku chache baada ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, na kwa pwani yetu kupwa kwa bamvua kunaangukia mnamo saa nne asubuhi. Kliniki ya watoto nayo ni asubuhi. Ikiwa zahanati imepanga kliniki kila Jumanne bila kutazama mwezi, kuna Jumanne ambazo mama anachagua kati ya kumpima mtoto na kuvuna kamba zake. Akiikosa bamvua, kamba zinasubiri kama wiki mbili mpaka ijayo. Akiikosa kliniki, chanjo inachelewa, na kama ni kaya ya TASAF, ruzuku iko hatarini. Hapo wewe humlaumu mama kwa uzembe. Ratiba ndiyo imemkaba.

Karatasi yako inaweza kusomeka hivi (namba ni za mfano, weka za daftari lako):

*Kwa Mtendaji wa Kijiji. Yah: Ombi la ajenda, ratiba ya kliniki ya watoto kufuata maji. Kati ya Julai na Septemba nilitembelea kaya 42 zenye watoto wa chini ya miaka miwili. Kaya 17 zilikosa kliniki angalau mara moja. Kati ya hizo, 13 zilitaja kazi ya mwani wakati wa bamvua. Tunaomba kikao kipendekeze kwa kamati ya zahanati kwamba kliniki mbili za mwezi ziwekwe kwenye wiki za maji mafu, yasiyotoka sana. Gharama: hakuna. Wahusika: mganga mfawidhi na mwenyekiti wa kamati ya zahanati. Kuanza: mwezi ujao. Taarifa: kikao kinachofuata, chini ya yatokanayo.*

Ina mistari michache, lakini kila mmoja una kazi. Namba inamfanya mtu asiseme "ni wachache". Sababu imetajwa na walioathirika, si na wewe. Ombi ni moja, tena dogo. Mhusika ana cheo, kwa hiyo mtu anajua ni nani atakayeulizwa. Na ule mstari wa mwisho ndio unaoliweka jambo hai, kwa kuwa kikao kijacho katibu atalazimika kulisoma.

Mganga anaweza kukataa kwa sababu halali: chanjo zinaletwa kwa ratiba ya wilaya, au muuguzi ni mmoja na ana kliniki ya mkoba kwingine wiki hiyo. Usigombane naye. Uwe na ombi la pili mfukoni: wiki ya bamvua kliniki ianze saa nane mchana, maji yakiwa yanajaa na wanawake wameshatoka ufukweni. Kwa kawaida moja kati ya hayo mawili linawezekana.

Kwa wakaangaji wa dikoni tumia mkono ule ule, ila suala lao ni ushuru. Samaki wakishuka ushuru unalipwa, na risiti zipo. Omba kikao kiulize katika ushuru uliokusanywa pale kwa mwaka, kiasi gani kimerudi kama choo, bomba la maji na banda lenye mwanya wa kutolea moshi. Aliyelipa akidai huduma, hiyo si hisani.

Sheria ndogo ya vyoo, na mkono wetu ndani yake

Hapa tuseme ukweli unaotuhusu sisi watu wa afya. Tunapenda faini. Kijiji kikiwa na vyoo vichache, pendekezo la kwanza kutoka kwetu ni sheria ndogo: asiye na choo atozwe. Inapita kwa makofi. Tuseme faini ni Sh 50,000. Rudi kwenye ule mstari wa juu: Sh 49,320 ndiyo iliyokadiriwa kumtosha mtu mzima mwezi mzima. Umemtoza mwezi wake wote, na choo bado hana.

Na pwani ina sababu ya vyoo kukosekana ambayo mtu wa bara haioni. Shimo la futi kumi kwenye udongo mwekundu linasimama lenyewe. Kwenye mchanga linabomoka kabla ya masika kwisha, na karibu na ufukwe unakutana na maji ukiwa hujafika mbali. Kwa hiyo gharama haiko kwenye kuchimba, iko kwenye kulijengea shimo ndani kwa matofali au mawe, na kwenye sakafu. Mama aliyechimba mara mbili likabomoka mara mbili hahitaji kuhamasishwa.

Sheria ndogo nzuri inawezekana. Halmashauri ya kijiji inaitunga, mkutano mkuu unaijadili, halmashauri ya wilaya inaidhinisha ndipo iwe na nguvu. Kabla ya hapo kutoza mtu ni kumwonea. Pendekeza mambo haya yaingie: muda wa miezi sita tangu kaya ionywe kwa maandishi, kaya ambazo mkutano umezitambua kuwa hazina uwezo zisitozwe, zijengewe kwa nguvu kazi ya kitongoji, faini itakayolipwa na wenye uwezo iingie kwenye fungu la kununulia saruji, siyo posho. Mwenye nyumba ya kupangisha asiye na choo atozwe kikamilifu, huyo hana kisingizio.

Fungu hilo halihitaji kuwa kubwa. Sakafu ndogo ya sentimita 60 kwa 60, unene wa sentimita 5, inatumia saruji kilo sita hadi saba, hivyo mfuko mmoja wa kilo 50 unatoa sakafu saba au nane. Tumieni mchanga wa mtoni. Wa bahari una chumvi, unakula chuma kilichomo ndani na sakafu inapasuka. Imwagiliwe maji na kufunikwa kwa siku saba kabla ya kubebwa; wanaoibeba siku ya pili ndio wanaosema saruji ilikuwa mbovu. Na choo kiwe mbali na kisima, mita 30 walau, na upande wa chini ambako maji ya ardhini yanaelekea.

Mipaka yako

Wewe ni mtu wa huduma, na mpango jumuishi uliozinduliwa Januari 2024, wenye lengo la kuwa na wahudumu zaidi ya 137,000 nchi nzima, unakuweka chini ya zahanati na serikali ya kijiji. Hoja zako ziwe za vikao vya serikali ya kijiji, si vya chama chochote. Mwanasiasa akikuomba takwimu zako kwa ajili ya jukwaa, mwelekeze kwa mtendaji. Zikishasomwa kwenye mkutano mkuu ni za wote, kabla ya hapo si zake wala zako. Usitie saini hoja peke yako kama unaweza kuwa na wawili watatu pamoja nawe, mwalimu wa shule, kiongozi wa kikundi cha mwani, mjumbe wa kamati. Mtu mmoja akisema mara tatu anaitwa mkorofi. Watatu wakisema mara moja wanaitwa wananchi.

Mtendaji akikaa na barua yako miezi miwili bila kuiweka kwenye ajenda, usimsemee pembeni. Mwandikie ukumbusho ukitaja tarehe ya muhuri wa ile ya kwanza, nakala kwa mwenyekiti wa kijiji na mtendaji wa kata. Mara nyingi nakala ya kata inatosha. Isipotosha, vikao vya baraza la madiwani viko wazi kwa wananchi, na maswali ya madiwani yanaandaliwa kwa maandishi mapema, kwa hiyo mpe diwani wako swali lililoandikwa na ile nakala yenye muhuri.

Ukimpitia tena yule mama wa nazi, usianze na yai. Muulize mambo matatu uyaandike: mtoto aliumwa lini mara ya mwisho na dawa ilinunuliwa wapi kwa bei gani, ni siku gani za mwezi hawezi kuja kliniki, na kama mama yake au mkwewe amevuka miaka 60, barua ya msamaha anayo au hana.